Mwalimu wa Ukutani

Tangu iamriwe kila mwanafunzi arudi nyumbani na projekta yake, yule mwalimu aliyekuwa akimulikwa ubaoni darasani, mwanamke wa mwanga mtupu, alihamia ukutani kwa Saumu. Yeye ndiye aliyemlaza Raya, yeye ndiye aliyemwamsha. Saumu, aliyemzaa, akabakiwa na kupika na kufua.

"Raya, njoo nikusuke."

"Mwalimu ataniambia nisukwe lini. Na usikanyage waya, mama. Usisimame mbele ya taa, utaumia macho."

Hata kuonywa, anaonywa kwa maneno ya yule mwanamke! Saumu akashikwa na wivu. Akatupa kitana, akaenda kusimama katikati ya mwanga, akaikodolea projekta macho. Heri mtoto alie, lakini amwone mama yake.

Raya hakulia. Uso wa mwalimu ulikuwa umetua juu ya uso wa Saumu, unatabasamu. Mtoto akainuka taratibu, akamkumbatia kiunoni kwa nguvu ambazo Saumu alikuwa ameshazisahau.

"Mwalimu," akanong'ona, "kumbe una joto!"

Macho yalimchoma Saumu, machozi yakamtiririka, lakini hakuthubutu kusogea.