Jezi Kwenye Kiti cha Marehemu

"Shemeji, lete hiyo jezi tuibandike utepe," mdogo wa marehemu mumewe alimwambia Bernadine, huku akiukata utepe mweusi kwa meno.

Bernadine aliendelea kugeuza soseji. Theluji ya Buffalo ilidondokea jiko na kuyeyuka. Pale nje ya uwanja wa mpira wa Kimarekani, wanaume wote walikuwa wameshaziba kwa utepe, mgongoni mwa jezi zao, jina la mlinzi wa mstari wa mbele wa timu yao. Jumanne timu ilimpeleka kwa mahasimu wao, ikachukua kijana badala yake.

"Biashara safi!" alisema mmoja wao. "Lile zee lilikuwa linakimbia kama friji."

"Friji angalau inapooza bia yako, mpuuzi wewe," mwingine alimjibu. "Sasa nani atamwangusha mrusha mpira wa wapinzani? Wewe na kitambi hicho?"

Walicheka. Bernadine aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyeweza kupanda ngazi za uwanja bila kutweta, na wote msimu uliopita waliliimba jina hilo hadi sauti zikawakauka.

Jezi ya mumewe, yenye jina lile lile mgongoni, ilikuwa imevishwa kiti chake cha kukunja. Ilikuwa na doa la haradali kifuani, ambalo Bernadine hakuwa amelifua tangu mazishi.

"Kaka mwenyewe angebandika wa kwanza," shemeji alisema, akanyosha mkono kuichukua.

Bernadine alimuwahi. Aliivaa juu ya koti, ikamfika magotini, kisha akampa mgongo.

"Haya, bandika."

Shemeji aling'ata utepe ili akate kipande, akaliona lile jina mgongoni kwake. Utepe ulibaki ukining'inia kwenye meno ya shemeji.