Swali la Tisa

"Mita moja, Kipyegon. Hicho ni kiwiko," alisema mwalimu Jepkosgei.

Kipyegon alirudi nyuma hatua moja, akamkanyaga Jepkemboi. Jepkemboi akamsukuma, na mstari wa watoto ishirini na watatu ukavunjika kuanzia kichwani hadi mkiani. Ilikuwa siku ya nne ya mazoezi.

Ephantus Kihara, mwenye shule na mwalimu mkuu wake, alitazama saa. Shule yake ndogo hapo Elburgon ilikuwa imefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona. Jumatatu, tarehe nne Januari, afisa wa elimu angekuja kukagua Gredi ya Tatu. Akiridhika, angetia sahihi na shule ingefunguliwa. Asiporidhika, watoto wangetafutiwa shule nyingine, na Kihara, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, angetafuta kazi nyingine.

Fomu ya ukaguzi alikuwa ameshaijaza. Ilikuwa na maswali kumi na manne. Swali la tisa liliuliza: Je, darasa lilitumiwa kwa shughuli nyingine yoyote wakati shule ilipofungwa? Kihara aliandika "Hapana" kwa mwandiko mzuri.

Ukweli ni kwamba darasa lilikuwa na wapangaji. Ndivyo Kihara alivyowaita, na shule nzima ikamfuata. Waliingia mwezi wa Mei, na tangu hapo ndio waliomlisha yeye na mkewe.

Kazi ya kuwaandaa watoto alipewa Jepkosgei, mwalimu wa Gredi ya Tatu. Miezi tisa ni mingi kwa mtu wa miaka minane. Walikuwa wamesahau mstari, wamesahau kuketi, na masomo waliyokuwa nayo yalikuwa ya simu.

"Kipyegon, sita mara saba?"

Kipyegon akaganda, mdomo wazi.

"Kipyegon!"

"Teacher, network imepotea."

"Network gani? Si niko mbele yako?"

"Sasa unakatika-katika."

Kipima joto kilipoelekezwa kwenye paji la uso wake, Jepkemboi aliinua mikono yote miwili na kusema si yeye.

Jepkosgei hakuchoka. Alichora alama za chokaa uwanjani, moja kwa kila mtoto, zikielekea mlango wa darasa. Kanuni ilikuwa moja: mtu hatoki kwenye alama yake mpaka aliye mbele yake aingie.

"Hata fisi akipita?" aliuliza.

"Hatutoki!"

"Hata nani akipita?"

"Hatutoki!"

Kufikia Ijumaa walikuwa wanasimama dakika kumi bila kumgusa mtu. Jepkosgei aliona wakati umefika wa kuwazoesha kengele, kile kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mti wa mkaratusi.

"Usiiguse," Kihara alisema. "Wapangaji watadhani wanaitwa kula. Tumia filimbi."

Jumamosi wapangaji walihama. Majirani wa upande wa pili wa ua waliwapokea wote, wengi wakaenda kwa Mama Shiko.

"Ni wapole?" Mama Shiko aliuliza.

"Wapole kabisa."

"Na yule wa kelele za alfajiri?"

"Huyo tulimalizana naye Krismasi."

Jepkosgei alizoa maranda darasani, magunia sita. Sakafu ikasuguliwa kwa dawa mara tatu, kuta zikapakwa rangi hadi usawa wa dirisha. Jumapili jioni Jepkemboi alipita na mamake, akachungulia.

"Teacher, class yetu inanuka."

"Ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kunuka."

Jumatatu, Madam Akoth kutoka ofisi ya elimu alifika saa moja na dakika arobaini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alihesabu madawati, akapitisha kidole kwenye dirisha, akanusa. Kisha akatazama juu, kwenye ufito uliopita kutoka ukuta hadi ukuta.

"Na huu?"

"Wa kutundikia chati, Madam."

"Mbona umechubuka hivi?"

"Chati zilikuwa nyingi."

Madam Akoth aliandika neno moja. Akaiweka fomu juu ya meza ya mwalimu, kalamu kando yake.

"Iliyobaki ni nidhamu," alisema. "Nataka kuona wanavyoingia. Piga kengele."

Kihara alitoka mwenyewe. Uwanjani Jepkosgei alikuwa ameshawapanga watoto, maski puani, mikono ubavuni. Kihara aliwatazama, akajisikia mwalimu tena. Akaupiga mchi wa chuma kwenye reli mara tatu, kwa nguvu, kama alivyokuwa akiupiga kila siku saa mbili asubuhi.

Walikuja kwa mstari. Kilango cha pembeni kwenye ua ni chembamba, cha kupita mmoja mmoja, na kila aliyepita alimwachia mwenzake nafasi ya kama mita moja. Hakuna aliyemsukuma mwingine. Hakuna aliyehitaji kuonyeshwa njia. Waliingia darasani, kila mmoja akaenda mahali pake pa zamani, wakatulia, wakamtazama Madam Akoth. Katika miaka kumi na tisa ya ukaguzi, hakuwahi kuona nidhamu ya namna hiyo.

Nje, watoto ishirini na watatu walikuwa bado wamesimama kwenye alama zao za chokaa, wakisubiri zamu.

Wa mwisho kuingia aliruka juu ya meza ya mwalimu, akasimama kwenye fomu, akajizungusha mara mbili juu ya swali la tisa, akataga.