Sahani ya Mwisho

Nilifungua kabati la joto la maabara, nikatoa sahani ya mwisho yenye seli za ngozi ya mama.

Miaka mitatu nyuma alitunyooshea mkono mwenyewe. "Kateni tu," alicheka. "Uzee ninao wa kumwaga. Mkipata dawa yake, mimi niwe wa kwanza kuinywa." Mwaka jana akafariki.

Ndani ya seli zake tulinyamazisha RNA moja, nakala ya jeni isiyotengeneza protini yoyote. Wengi waliiona takataka. Sisi tulishuku ndiyo inayoziamuru seli zizeeke. Tangu hapo zinagawanyika kama za mtoto mchanga.

"Tutie rangi leo," alisema mkuu wangu. "Zikigeuka bluu, zimezeeka. Zisipogeuka, jibu tunalo."

"Rangi inaziua, Daktari."

"Najua, dada. Ukisema tusubiri, tutasubiri."

Niliinamia darubini. Pembeni kabisa seli moja ilikuwa imebanwa katikati, kama kiuno kilichofungwa kanga, ikijigawa.

Nilingoja robo saa, mpaka zikawa mbili.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikafungua chupa ya rangi.