Mechi ya Wiki ya Kumi na Tisa

Katika mji ambao mtu haruhusiwi kuingia nyumba ya mwenziwe ila kwa mechi iliyosajiliwa, Bi Mwanatumu alipewa kazi ya kupanga ligi ya kandanda ya majini, mchezo wa mezani wa dadu na vinyago vya mashetani. Timu zilikuwa ishirini, kila moja ya mchezaji mmoja, zote za jengo lao. Mdogo wake Zuwena, mgonjwa wa moyo aliyeishi ghorofa ya pili, alimpigia simu.

"Dada, mimi na wewe tumepangwa lini?"

"Wiki ya kumi na tisa."

"Ya mwisho kabisa? Nipange ya kwanza, nife nimekwisha kukufunga."

"Watu watasema napendelea ndugu."

Zuwena akacheka mpaka akakohoa. Ratiba ikasajiliwa, na iliyosajiliwa haibadilishwi.

Wiki ya kumi na saba wahudumu walimtoa Zuwena akiwa amefunikwa shuka.

Wiki ya kumi na tisa mlango wa Zuwena ulimfungukia Bi Mwanatumu, kwa kuwa mechi ilikuwa ingali kwenye ratiba. Alipanga vinyago vya pande zote mbili, akangoja dakika kumi na tano za kanuni, akajiandikia ushindi wa mezani. Ruhusa ilikuwa imebakiza saa nzima. Aliitumia yote kutandika kitanda cha mdogo wake.