Jina la Ubaoni

Zawena aliingia uwanjani kucheza fainali ya tenisi ya wanawake, akasoma ubao: "Mke wa Lukindo na Mke wa Hakimu."

"Niandike Zawena," alimwambia mzee wa chaki.

"Desturi ya klabu, mama. Aliyeolewa huandikwa kwa mumewe."

"Basi na acheze aliyeandikwa."

Akapanda jukwaani, akamkabidhi Lukindo raketi, akampokonya karanga na kukalia kiti chake. Watu wakaangua kicheko. Lukindo, aliyetolewa raundi ya kwanza ya wanaume, alijikokota hadi uwanjani. Ng'ambo ya wavu, mke wa hakimu, ambaye jana mpira wake ulivunja benchi, alikuwa akidundisha mpira taratibu.

Lukindo akatupa raketi, akakimbilia ubaoni, akaanza kulifuta jina lake kwa mkono wa shati.