Spana ya Plagi

Filomena, fundi wa boti, huchagua vifaa vya safari kama anayechagua mchele. Kila kimoja hukifunga kwa kamba kwenye sanduku, maana bwawa halirudishi kitu. Asubuhi hii kamba ya spana ya plagi ilikatika, akasema ataifunga jioni.

Katikati ya bwawa injini ilizimika. Akainama ukingoni mwa boti, mkono wa kushoto umeshika mfuniko wa injini, wa kulia spana pekee inayofungua plagi.

Abiria alikuwa mmoja: baba mkwe wake, mkulima kutoka milimani. Tangu mwanawe amuoe Filomena bomani, miaka sita, mzee hakuwahi kuitikia shikamoo yake.

Sasa alijikokota hadi nyuma ya boti, akamnyooshea mkono. Kucha zilikuwa na udongo.

"Pole na kazi, mama."

Mkwe hapewi mkono wa kushoto. Na kama Filomena angegeuka kutafuta pa kuweka spana, mkono ule ungeweza kurudi ulikotoka.

Filomena akaiachia spana.

"Shikamoo, baba."

Chubwi.

"Marahaba, mwanangu. Hicho kilichodondoka kilikuwa na kazi?"

"Hapana, baba," alisema, na upepo ukaanza kuigeuza boti.