Sentensi ya Kufungia

Katika chuo kile, aya ya Kiingereza isiyo na sentensi ya kufungia ilikatwa alama, na Mwalimu Zamoyoni hakuwa na huruma kwa hilo. Karatasi ya Tunu, juu ya mtu ampendaye, ilianza vizuri: kaka yake Hamduni alivaa kandambili, akaenda dukani kununua mkate. Ikaishia hapo.

"Halafu?" mwalimu aliuliza. "Msomaji haachwi njiani, binti. Kaa pale umalizie."

"Sina cha kumalizia, mwalimu."

"Kila jambo lina mwisho wake. Andika."

Wenzake walitoka wote, darasa likafagiwa, Tunu bado ameinamia karatasi. Hatimaye aliandika mstari mmoja, akaileta kwa mikono miwili.

Zamoyoni alisoma: Mama bado anamwekea chai kila asubuhi, lakini Hamduni hatarudi tena.

"Sasa ni sawa, mwalimu?"

Aliisoma upya, akitafuta kosa, hata dogo tu, apate kumwambia aifute. Hakuliona. Kalamu nyekundu ikabaki hewani, na Tunu amesimama mbele yake, anangoja alama zake.